Mpira wa Ratli Mia Nne

Jumamosi ya kwanza ya Machi 1951, baada ya swala ya alasiri, Mwamvita binti Omary alijitwika mpira wa Chama cha Mguu akaupeleka kupimwa kwenye ghala la kahawa, kama alivyokuwa akifanya kila Jumamosi tangu alipofiwa na mumewe. Ngata aliisokota kwa majani makavu ya mgomba, maana ngata ya kitambaa ilikuwa haimalizi wiki. Barabara ya Bukoba mjini ilikuwa na matope ya mvua ya asubuhi, na kila alipokanyaga, mguu ulizama hadi kifundoni. Watu walimsalimu, naye akawaitikia bila kugeuza shingo.

Hamidi, mpimaji wa ghala, alikuwa amekwisha panga mawe ya mizani. Mizani ile ilikuwa na ugonjwa wake na mji mzima uliujua: katika kila frasila ya mkulima, ratli mbili zilipotelea njiani. Siku ya mpira Hamidi aliiponya. Alichomoa kipande cha bati alichokificha chini ya sahani, akakitia mfukoni, akangoja mkono wa mizani utulie.

"Mia nne na kumi na mbili," alisema. "Ratli moja ya ngozi nimekwisha itoa."

"Jumamosi iliyopita?"

"Mia nne na tisa."

"Sawasawa. Juzi nimepeleka Kamatini shilingi tatu."

Mwamvita aliketi juu ya gunia, akafungua daftari. Lilianza mkono wa kulia likaenda kushoto, kama msahafu, na yeye sasa alikuwa amefika karibu na jalada la mwisho. Aliandika tarehe ya Kiislamu na ule uzito kwa hati ya Kiarabu, hati pekee aliyofundishwa chuoni utotoni. Kisha akajitwika mpira wake akarudi nyumbani kupika.

Chama cha Mguu kilianzishwa na mumewe, marehemu Yunus, fundi viatu, mwaka 1936. Shabaha yake ilikuwa fupi. Mchezaji akivunjika uwanjani, Chama kitamlipia matibabu na kumpelekea mtu wa kupalilia kibanja chake, shamba lake la migomba na mibuni, mpaka asimame tena. Wanachama walikuwa Waislamu wa mjini na Wakatoliki wa mashambani, wengine kutoka mbali hata Ijumbi, kila mmoja akitoa senti kumi kwa mwezi. Walipotokea wa kuuliza itakuwaje dini mbili ziwe na sanduku moja, Yunus alijibu kwamba mfupa ukivunjika haulii kwa Kiarabu wala kwa Kilatini. Mpira wa kwanza aliushona mwenyewe kwa ngozi ya ng'ombe, na hadi leo ndio huohuo.

Mjini kulikuwa na Kamati ya Michezo ya Wenyeji, iliyokaa katika nyumba ya mawe karibu na klabu ya Wazungu. Kamati hiyo ilitangaza kwamba wenyeji hawawezi kukaa na fedha ya ushirika bila kuila, kwa hiyo kila chama kilete fedha yake itunzwe. Yunus alizitia shilingi tatu za kwanza katika sanduku la bati, sanduku lenye kiraka cha ngozi pembeni, akalipeleka. Alipewa stakabadhi ya Kiingereza, akaikunja vizuri.

Jumamosi iliyofuata mpira ulikuwa umeongezeka ratli tatu. Yunus aliupima mkononi, kisha kwa Hamidi, akawaambia wenzake kuwa fedha yao imehamia ndani ya mpira. Hakuna aliyebisha. Fedha lazima ikae mahali, na huko Kamatini hakuna aliyeiona tena.

Miaka miwili baadaye homa ilimchukua Yunus. Siku yake ya mwisho alimwita mkewe akampa daftari, msharasi wake wa kushonea na stakabadhi zote. "Mama Siti," alimwambia, "mali bila daftari hupotea bila habari." Mwamvita akawa mhazini. Wanachama hawakupiga kura, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuubeba mpira kutwa nzima bila kupumzika. Yeye alikuwa akimbebea mumewe kwenda uwanjani tangu ukiwa na ratli tatu, na shingo ikiongezewa kidogo kidogo haishtuki.

Mchezo nao ulibadilika taratibu. Kufikia ratli hamsini hakuna tena aliyepiga mpira kwa kichwa. Kufikia mia mbili golikipa aliruhusiwa kwenda kwake kula, kwa sababu toka mpira ulipoelekea golini mpaka ulipofika alikuwa na nafasi ya kurudi na kunawa. Goli la mwisho lilifungwa na Byabato, mvuvi wa Bumbire, aliyeanza kuusukuma mpira mwezi wa Rajabu akauingiza Shaabani. Kila mechi ilipokwisha walichomeka kijiti pale ulipofikia, na Jumapili iliyofuata wakaendelea hapo. Miguu ya wachezaji ilinenepa kama mashina ya migomba, na mafundi cherehani walizoea kuwakatia kaptula pana.

Kuhusu fedha, Chama kiliomba mara tatu. Mwaka 1941 kiliomba shilingi nne kwa ajili ya bega la Rugambwa, nahodha, kikaambiwa kuna vita. Mwaka 1946 kiliomba tena, kikaambiwa vita ndiyo kwanza imekwisha. Mwaka 1949 hakikuambiwa kitu. Mwamvita aliyaandika yote matatu daftarini, akaendelea kupeleka senti za watu, kwa sababu sheria ya Kamati ilisema chama kisichopeleka kitanyang'anywa uwanja.

Basi, Jumapili ya kwanza ya Aprili baada ya misa, senti za mwezi zikiwa bado hazijakusanywa, Chama cha Mguu kilipanda lori kwenda Muleba kucheza mechi ya urafiki. Wenyeji walikuwa na mpira wa dukani, mpya, wenye ratli moja. Rugambwa aliuinua kwa vidole viwili, akawakusanya wenzake, akaanza na neno la Kihaya la heshima.

"Waitu, nisikilizeni. Huu ni mwepesi. Uguseni tu, msiupige."

Wote waliitikia, na Ishengoma wa Ijumbi aliitikia kuliko wote. Alikuwa baba wa watoto wanne, mtu mpole, mshambuliaji tangu ujana wake. Lakini mazoea ya miaka kumi na mitano hayafutwi kwa dakika tatu. Katika dakika ya nne mpira ulimjia mbele ya goli naye akaupiga kwa nguvu za ratli mia nne. Mpira ulipaa juu ya uwanja, ukapita migomba na mibuni, ukavuka maji, ukaangukia kisiwa cha Bumbire. Mguu wenyewe, kwa kuwa haukukuta mzigo uliouzoea, ulipitiliza ukagonga mlingoti wa goli. Mfupa ulivunjika mara mbili na kipande kimoja kikatokeza nje. Mwamuzi alipuliza filimbi, akatangaza kwamba mpira umetoka.

Jumanne wavuvi waliurudisha mpira kwa mtumbwi, wakaomba chai.

Ishengoma alilazwa katika hospitali ya misheni. Sista aliyemhudumia alikuwa mwanamke mkweli, akasema jambo lote bila kulizungusha. Kidonda kimeanza kuoza. Kuna dawa ya sindano, lakini iko Mwanza, na bei yake pamoja na nauli ni shilingi sitini. Meli inaondoka Bukoba Alhamisi saa kumi. Fedha isipoondoka na meli hiyo, mguu utakatwa.

Mwamvita alimkuta Kokushubila, mke wa Ishengoma, ameketi sakafuni kando ya kitanda. Hata pale Kokushubila hakusahau mila. Alifungua kikapu kidogo, akamkaribisha mgeni kahawa ya kutafuna. Mwamvita alichukua punje mbili, akatafuna.

"Mama Siti, waitu, nyumbani pana shilingi tano," alisema Kokushubila. "Kahawa bado iko mtini, ya kijani. Nimeuza mbuzi, nikapata nane. Mibuni ikiiva mume wangu hana mguu, ataichuma nani?"

"Fedha ipo," Mwamvita alisema. "Mia nne na kumi na mbili. Ni yake na yetu. Naifuata."

Wanachama walichangishana jioni ileile, ikapatikana shilingi kumi na nane pamoja na za mbuzi. Hakuna aliyekuwa mchoyo. Aprili katika nchi ya kahawa mifuko ya watu wote huwa imetoboka.

Jumanne asubuhi Mwamvita alikwenda Kamatini. Njiani alipita kando ya klabu ya Wazungu, ambako mabwana wawili walikuwa wakicheza tenisi. Kiwanja chao kilikuwa na wavu mpya, rola la chuma la kusawazishia ardhi na banda la kubadilishia nguo lenye paa la mabati. Kando ya wavu, karibu na ua wa barabarani, palikuwa na sanduku la bati lenye kiraka cha ngozi pembeni. Mwamvita alikijua kile kiraka, maana uzi wake aliupaka nta yeye mwenyewe. Ndani ya sanduku mlikuwa na mipira midogo myeupe. Aliinama juu ya ua, akachukua mmoja, akaupima kiganjani. Ulikuwa mwepesi kama pumba za kahawa. Akaurudisha.

Katibu wa Kamati, Mwingereza mwenye uso mwekundu na adabu nyingi, alimsikiliza kupitia kwa karani wake, Mutembei. Karani huyu alikuwa kijana msomi, mtoto wa misheni, shati lake jeupe siku zote. Katibu alisema ombi limepokelewa, ila haliwezi kufikiriwa kabla hesabu hazijakaguliwa. Mwamvita akaacha daftari. Jumatano alirudi, akaambiwa karani bado anakagua. Alikaa ukumbini mpaka wakafunga milango, akaondoka wa mwisho.

Alhamisi saa nane mchana alikwenda na mpira kichwani. Hamidi alimfuata na mizani juu ya mkokoteni, na nyuma yao wakaja Rugambwa na wanachama kumi na saba. Katibu aliwasha kiko, akasoma taarifa kwa Kiingereza. Mutembei akaifasiri, macho yake yakiwa kwenye karatasi.

"Kamati imekagua. Chama kilianza na akiba ya shilingi mia nne na kumi na mbili. Chini ya mhazini huyu akiba imepungua mwezi hata mwezi mpaka zimebaki shilingi tatu. Tarehe nazo zinarudi nyuma, jambo ambalo Kamati inaelewa kuwa ni desturi ya dini yake. Mhazini anatakiwa kurudisha shilingi mia nne na tisa."

Mwamvita hakupandisha sauti.

"Mwanangu Mutembei, hati hii unaijua?"

"Maneno siyajui, mama. Tarakimu nazijua. Baba alikuwa akiuza kahawa kwenye maduka ya Waarabu."

"Umeanza kusoma wapi?"

"Mwanzo."

"Nionyeshe huo mwanzo."

Karani alifungua daftari upande wa kushoto, kama vitabu vyote alivyopata kusoma shuleni, akaweka kidole juu ya mia nne na kumi na mbili.

"Hapo ndipo tulipofika," Mwamvita alisema. "Geuza."

Mutembei aliligeuza. Aliupitia ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi, midomo ikimcheza. Tatu, sita, tisa, kumi na moja. Tarehe zilitembea mbele kama tarehe za watu wote. Kola ya shati lake ililoa. Alimwinamia Katibu, akaeleza kwa Kiingereza kwa muda mrefu, na mara mbili akajigonga kifuani kuonyesha kosa ni la nani. Katibu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu kwamba anasikitika, lakini taarifa imekwisha pigwa mhuri.

"Na stakabadhi je?" Rugambwa aliuliza.

Mwamvita alizitoa zote, za miaka kumi na mitano, zikiwa zimefungwa kwa uzi wa viatu. Mutembei alisoma ile ya chini kabisa, ya Yunus. "Imepokelewa: sanduku moja la bati." Akasoma ya pili. "Kama hapo juu." Ya tatu, kama hapo juu. Akazipekua hadi ya juu kabisa akaziweka mezani kwa uangalifu, kama mtu anayeweka mayai.

"Sanduku nimeliona," alisema Mwamvita. "Lina mipira ya tenisi. Sasa tupime."

Hamidi aliisimamisha mizani katikati ya ukumbi. Mbele ya watu wote alichomoa kile kipande cha bati, akakiweka juu ya meza ya Katibu bila kueleza ni cha nini. Mwamvita akautua mpira, ubao wa sakafu ukalia. Mia nne na kumi na mbili. Katibu, ambaye alikuwa mtu wa kufuata taratibu, aliinama akasoma mwenyewe, akaandika. Kisha akasema mpira umejazwa risasi za kuzamishia nyavu, akaamuru upasuliwe. Mwamvita aliupasua mwenyewe kwa kisu cha Yunus, mshono kwa mshono, asiharibu ngozi. Ndani palikuwa na kibofu chenye hewa. Hewa ilitoka yote, na mkono wa mizani haukusogea.

"Uzito si hati," alisema Katibu, na Mutembei akafasiri kwa sauti isiyosikika.

"Hati imeshindwa kusomeka," Mwamvita alimjibu. "Uzito hauna kulia wala kushoto."

Akaketi chini, akatoa msharasi na uzi, akaanza kuushona mpira upya. Hakuwa na haraka, wala hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipofika mshono wa mwisho meli ilipiga honi huko bandarini, mara tatu, kama ilivyo ada yake saa kumi. Rugambwa alivua kofia. Hasira ilimpanda Mwamvita mpaka kwenye macho, akaiacha ipande, kisha akasimama.

Aliujaza mpira upepo kwa kinywa chake, akaubeba mpaka mlangoni, akautua juu ya kizingiti. Halafu akachana karatasi moja nyuma ya daftari, akampa Mutembei.

"Niandikie kwa hati yao. Imepokelewa: mpira mmoja. Tarehe ya leo. Bwana Katibu atie sahihi."

Katibu alitaka sana watu wale waondoke. Akatia sahihi.

"Hii ni amana yetu kwenu," Mwamvita alisema, akiikunja karatasi. "Mkichoka kuitunza, uzito wake mnaujua, na dawa ya deni ni kulipa."

Watu wakaupita mpira kwa kuuruka, mmoja mmoja, wa mwisho akaurudisha mlango ukafungwa nyuma ya mpira, wakaenda zao.

Ijumaa asubuhi askari wanne walijaribu kuuondoa mpira pale kizingitini. Baadaye wakaja wanane na mtaimbo, mtaimbo ukapinda. Gari la Kamati lilifungwa kamba, likakata kamba. Walikuwa wamemwona mwanamke wa miaka hamsini ameubeba kichwani, kwa hiyo walidhani kuna mbinu. Hakukuwa na mbinu. Shingo ya Mwamvita ilipanda shilingi kwa shilingi, nao walitaka kuanzia mia nne. Mlango ule hufungukia nje, na kwa kuwa ulikuwa umezibwa, Katibu aliweka kreti la bia chini ya dirisha akawa anaingia ofisini kwa kupanda.

Mguu wa Ishengoma ulikatwa Jumanne, juu ya goti. Jumamosi Mwamvita alikwenda Kamatini kuufuata mpira ukapimwe, kama kawaida yake ya Jumamosi. Aliuinua mpira kutoka kizingitini mbele ya macho ya askari, akaupeleka kwa Hamidi. Hakuna aliyekuwa amepeleka fedha wiki ile, lakini mizani ilisoma mia nne thelathini na moja. Hamidi alirudia mara mbili.

"Zimezidi kumi na tisa," alisema. "Nani kaweka?"

Mwamvita alifikiri kidogo, kisha akaandika. Aliurudisha mpira palepale kizingitini, akaenda hospitali.

Ishengoma alikuwa ameegemea ukuta, blanketi limelala tambarare upande mmoja.

"Mama Siti," alisema, "mguu wangu wameupeleka wapi? Nimewauliza, hawaniambii."

"Uko kwenye daftari."

"Umeandikwa jina langu?"

"Jina lako na la baba yako. Ratli kumi na tisa."

Ishengoma alitikisa kichwa kwa muda, akiupima moyoni. "Ulikuwa mguu mzuri," alisema. "Usiufute hata wakilipa nusu."

Kuanzia mwezi ule Chama hakikupeleka tena Kamatini hata senti moja. Kamati ilituma barua kuwanyang'anya uwanja, nao wakahamia kwenye rweya, nyika yenye majani mafupi juu ya mji, ambako hakuna anayetaka kujenga. Walisokota mpira wa majani makavu ya migomba, wakajifundisha upya kugusa kitu chepesi. Mwezi wa kwanza waliipoteza mipira thelathini ziwani. Kila Alhamisi watu wanne walikwenda Ijumbi kwa zamu, wakapalilia kibanja cha Ishengoma, wakatandaza nyasi chini ya mibuni, na kahawa ilipoiva wakaichuma yote. Waislamu walikwenda hata Ramadhani, na Kokushubila akawawekea chakula mpaka jua lizame. Hilo ndilo fao la kwanza ambalo Chama cha Mguu kilimlipa mwanachama, na daftari linaonyesha kwamba halikugharimu chochote.

Katibu wa kwanza alihamishwa mwaka uliofuata. Aliyekuja baada yake alikuwa kijana mdadisi, na kupanda dirisha kulimchana suruali. Jumamosi moja alimfuata Mwamvita hadi ghalani, akatazama mizani, akaomba Mutembei amfasirie daftari, safari hii kutoka upande wake. Kisha akatoa shilingi tano mfukoni mwake, akampa Mwamvita mkononi. Wakapima tena. Mia nne na ishirini na sita.

Kijana aliandika barua kwa wakubwa wake kuwaeleza kwamba njia ya kuondoa kizuizi mlangoni imepatikana, imejaribiwa, na gharama yake ni shilingi mia nne na ishirini na sita. Jibu lilikuja baada ya miezi saba. Hakuna fungu la kulipa madeni ya aina hiyo. Fungu la ukarabati wa majengo, hata hivyo, lipo. Ukuta wa upande wa ziwa ulibomolewa, ukawekwa mlango mpya wenye ngazi tatu na kibaraza, kwa shilingi mia sita na hamsini. Fedha hiyo ilikatwa katika akiba za vyama vyote, pamoja na za Chama cha Mguu, ambazo kwa mujibu wa taarifa yenye mhuri hazikuzidi shilingi tatu. Jumamosi iliyofuata mpira ulikuwa na ratli mia nne sitini na nne. Kijana yule aliomba uhamisho akapewa. Mutembei alibaki, ila Jumamosi mchana alianza kuonekana ghalani, akimpangia Hamidi mawe, na jioni Mwamvita akimfundisha alifu na bee. Mizani ya Hamidi haikuugua tena, na mwajiri wake akamtoza hasara hiyo kwenye mshahara.

Mwaka 1956 Kamati ilitarajia mgeni mkubwa. Katibu wa tatu, mtu mzima mwenye sauti nene, aliona si heshima mgeni akute mpira mkuukuu mlangoni. Jumamosi ya ugeni huo akamwita Mwamvita, ambaye nywele zake sasa zilikuwa nyeupe chini ya kanga. Alikuja na Ishengoma, aliyetembea kwa gongo na kulibeba daftari kwapani.

"Mama," alisema Katibu kwa Kiswahili chake mwenyewe, "wewe unaweza kuuinua."

"Naweza."

"Basi nakuomba. Uondoe."

Mwamvita alisokota ngata. Aliinama, akauinua mpira kwa pumzi moja, akajitwika. Kizingiti kikabaki wazi. Ule mlango wa zamani ulisukumwa na upepo wa ziwani ukafunguka wenyewe, na makarani wote wakautazama. Hakuna aliyeutumia, maana walikuwa wamekwisha zoea mlango mwingine. Mwamvita aliteremka barabara, Ishengoma kando yake, gongo likihesabu hatua. Katibu alifurahi, akaagiza kizingiti kipigwe maji.

Hamidi alipanga mawe. Mutembei aliondoa vumbi kwenye sahani kwa leso yake.

"Mia nne sitini na nne," alisema Hamidi. "Kama wiki iliyopita."

"Na yangu imo?" aliuliza Ishengoma.

"Imo yote."

Mwamvita alipumzika kidogo, akanywa maji. Halafu alijitwika tena, akapanda nao barabara mpaka nyumba ya mawe, ambako kizingiti kilikuwa bado kibichi. Akaurudisha mlango wa zamani, akautua mpira palepale, juu ya alama yake. Katibu alikuwa amesimama kwenye kibaraza kipya amevaa kofia nyeupe, na gari la mgeni lilikuwa limekwisha ingia getini. Mwamvita alimwamkia kwa heshima. Kisha akaketi juu ya mpira, mgongo ukiwa umeegemea mlango, akampokea Ishengoma daftari, akaandika uzito wa wiki ile, akianzia kulia.